Etau ya dola 55, taya linanyanyuka kama mdomo wa mamba, halafu mnaniambia kosa ni la kijana?

Wakuu salaam. Niko Lubumbashi, Kongo, mtaa wa Katuba. Nina atelie ndogo ya vyuma: milango, madirisha, na zaidi matengenezo ya mulin, zile mashine za kusaga mahindi. Leo sikuja kuuliza, nimekuja kulalamika: wiki iliyopita niligusia humu kwamba kijana wangu wa kazi aliumia kwa etau mbovu, nikajibiwa ni uzembe wake. Nitaandika kirefu. Asiyependa apite.

Na kabla hamjaanza: ndiyo, sisi tunasema etau. Ninyi wa Dar mnasema vaisi, na mwenye kamusi atakuja kutukosoa sote na jiliwa yake. Ni kile chuma cha mataya mawili kinachokaa juu ya meza ya perseze ya kusimama, ile mashine ya kutoboa chuma, na kukaba kazi isicheze. ISICHEZE. Shikeni neno hilo.

Etau yangu ya zamani niliachiwa na mzee aliyenifundisha kazi, mtu aliyemaliza ujana wake kwenye atelie za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Mwaka huu hesi za skrubu yake ziliisha kabisa, ukikaza inateleza. Basi nikaenda mjini kutafuta nyingine. Duka sitalitaja. Kijana muuzaji akaniwekea mbele moja ya bluu, taya la milimita 125, inang'aa kama gari la arusi. Nikamuuliza kama hiyo fonte, yaani chuma cha kumimina, ni ya kweli. "Muzee, hii njo yenyewe! Haiwezi vunjika." Nikatoa mfukoni kipande cha chuma nilichokuja nacho makusudi, nikamwomba nikikabe nione. AKAKATAA. Eti nitachubua rangi, mteja mwingine hataitaka.

Hapo ndipo ningeondoka zangu. Sikuondoka. Jua lilikuwa kali, na mama mmoja mwenye mulin alikuwa ameshanipigia simu mara tatu asubuhi hiyo. Tulianzia dola 60, tukafika 55, nikalipa kama mjinga.

Kazi ya yule mama ilikuwa ya kitoto. Vipande viwili vya kukalia rulma (beringi) za shafti, chuma cha unene wa milimita 40, kila kipande matundu mawili ya 13 ili bolti ya 12 ipite. Nikaweka alama, nikagonga ponchi, nikaanza na meshi, ile ncha ya kutobolea, ya 6, kisha ya 13, mikanda nimeihamisha mpaka mizunguko kama 600 kwa dakika, mafuta yapo. Tundu la kwanza. Nikakizungusha kipande, upande wa nyuma ukaja mbele, tundu la pili. Juu nikapima: safi kabisa. Nikapindua nione chini: tundu moja limekwenda huku, jingine kule, wamenuniana kama wake wenza. Kati yao zaidi ya milimita moja na robo. Bolti ya kwanza iliingia, ya pili ikagoma, na umeme ukakatika nikiwa na tupa mkononi.

Nilidhani meza ya perseze imelegea. Nikaiweka ekeri, kile kipimo cha pembe mraba, iko sawa. Nikadhani meshi imepinda. Mpya. Usiku nikakumbuka jambo la mzee wangu. Yeye alikuwa akikata vipande viwili vya karatasi ya gazeti, anaviweka chini ya chuma ndani ya etau, kimoja upande wa taya lililosimama, kingine upande wa taya linalotembea. Anakaza. Halafu anavuta karatasi kwa vidole. Zote zikigoma, chuma kimelala. Ikitoka moja, chuma kimenyanyuka upande huo. Nilifanya hivyo kwa tochi ya simu. Karatasi ya upande wa taya linalotembea ilitoka kama umeichomoa kwenye siagi!

Nikapima mwanya: milimita 1 nzima, kwenye kazi yenye upana wa 60. Pigeni hesabu wenyewe. Kwenye unene wa 40 tundu linapotea karibu 0.7, na kwa kuwa niligeuza kipande, la pili likapotea 0.7 upande wa pili. Ndiyo hiyo milimita na kitu iliyonifanya nionekane sijui kazi mbele ya mteja.

Sababu yake ni hii, kwa wale wanaosema "kaza zaidi". Skrubu inasukuma taya kutoka chini, chuma kinalisukuma kurudi kutoka juu. Kwa hiyo taya linataka kuanguka chali, na likianza kuanguka chali mbele yake inapanda na kubeba chuma. Kinacholizuia ni bamba dogo la chini lililofungwa kwa bolti mbili, linaloshika reli kwa ndani. Bamba hilo likibana vizuri, taya halina pa kwenda. Bamba la etau yangu lilikuwa na nafasi ya kupitisha ukucha. Ukikaza zaidi ndiyo kwanza linapanda zaidi! Nilikata bati la kopo la maziwa nikalipachika hapo. Mbele likabana vizuri, nikasogeza taya nyuma kidogo, likakwama. Reli hazikuchongwa sambamba. Zimechongwa na nani, kwa meno?

Ndiyo, najua kugonga. Unakaza kiasi, unagonga chuma juu kwa nyundo laini mpaka kilale, unamalizia kukaza. Huku kwetu nyundo ya shaba haikosekani, ni Katanga hii, nchi ya shaba. Lakini nikigonga kinalala, nikimalizia kukaza kinapanda tena. Tumecheza hivyo nusu saa, mimi na etau, kama watoto kwenye ubao wa bembea.

Sasa la kijana. Nilipogusia jambo hili wiki iliyopita kwenye uzi wa mwenzetu, nikajibiwa kwamba kijana wangu aliumia kwa uzembe na nisisingizie chombo. Sikilizeni. Meza ya perseze yangu ina mianya minne iliyokaa kama herufi X. Masikio ya etau hii yana mianya mifupi, tena membamba, haikutani na ya meza hata uiweke vipi. Huwezi kuifunga kwa bolti. Kwa hiyo kijana aliishika kwa mkono. Meshi ya 13 ilipokaribia kutoka chini, pale inapobaki ngozi nyembamba ya chuma, ikanasa. Ni sekunde hiyohiyo inayonasa siku zote, kila fundi anaijua. Chuma na etau vikazunguka pamoja kufuata mshale wa saa, mpini ukampata kwenye kidole gumba. Namshukuru Mungu, ulivimba tu, kucha ikaingia weusi.

Kosa langu nalikiri: nilipoona haifungiki, ningeiegemeza kwenye nguzo ya perseze. Ukisimama mbele ya perseze, nguvu ya meshi inapeleka ncha ya kushoto ya kazi upande wa nyuma, kwa hiyo unaweka etau, au chuma kirefu kilichofungwa nayo, ikiegemea nguzo kwa upande wake wa kushoto. Ikinasa, nguzo inapokea, si kidole cha mtoto wa watu. Hilo sikumfundisha, lawama nibebe. Ila etau ya perseze isiyofungika kwenye meza ya perseze, mnaiuza kwa nani? Na baada ya hapo kijana akaja amevaa glavu, nikamnyang'anya. Meshi ikishika uzi wa glavu inavuta mkono mzima.

Kuna mwenzetu mmoja alinishauri ninunue ile etau yenye mikono miwili, inayotembea mbele na nyuma, kushoto na kulia, eti nitaweza na kuchonga nayo. Hapana. Kama hawajaweza kunyoosha reli ya njia moja, za njia mbili watazinyoosha lini? Na mandreni ya perseze, kile kishikio cha meshi, ikisukumwa ubavuni inachomoka.

Jumamosi nilitaka kusawazisha tako la etau, maana lilikuwa linatikisika juu ya meza. Limepakwa rangi hadi chini, wakuu, hadi sehemu inayotakiwa kulala juu ya chuma. Nikapitisha meleze, yaani grinda, kidogo. Rangi ikatoka, na chini yake ikatoka masiti! Masiti ya magari, ile rojo ya kijivu ya kuzibia mabonde ya bodi. Ndani yake mashimo ya fonte mbovu, mengine makubwa kama punje ya maharage, moja liko pale pale taya lililosimama linapoungana na tako.

Nikairudisha. Yule kijana muuzaji akaitazama, akatazama pale nilipopitisha meleze, akaniambia bila haya: "Muzee, umeharibu rangi." Bosi wake hakuinua hata kichwa kwenye simu.

Kwa hiyo ipo hapa chini ya meza, nimeifanya jiwe la kuzuia mlango. Kipande cha mama nimekitoboa upya nikiwa nimekifunga moja kwa moja mezani kwa bolti na vipande vya kukandamizia, na vibao viwili chini meshi isitoboe meza. Kilitoka sawa. Mulin yake inasaga.

Mwenye etau ya zamani ya 125, hapa mjini au Likasi, hata ikiwa na kutu, hata isiyo na rangi kabisa, aniandikie. Nitakuja na vipimo vya mianya ya meza yangu, kipande changu cha chuma, na karatasi mbili za gazeti. Ukikataa nikabe, usinipotezee pesa ya taxi.