"Masakre ya bei": ninyi wenye maduka ya Kadutu, mnajua mnachotangaza?

Jana nilipanda Kadutu, hapa kwetu Bukavu, Kongo, na mke wangu kutafuta kikwembe cha harusi. Mlangoni mwa duka moja (silitaji) wametundika bango jekundu: MASAKRE YA BEI. Masakre, yaani mauaji ya watu wengi; wao wanamaanisha bei imeshuka. Chini yake kijana na kipaza sauti, jasho linamtoka: "Masakre! Mama, ingia ujionee masakre!"

Mke wangu alikuwa anasugua kitambaa kwa vidole kuona kama rangi inatoka. Akakiachia. Yeye ni mtu wa Mwenga, na kijiji cha Kasika ni kwao. Tarehe 24/8/1998 watu waliuawa pale, hadi kwenye parokia. Tulitoka bila kununua kitu.

Nilirudi peke yangu kumwuliza yule kijana. Akacheka: "Papa, ni matangazo tu. Njo Kifaransa cha biashara."

Eti Kifaransa! Nimefundisha lugha hiyo mpaka chaki imenimaliza kifua. Basi kaa nikufundishe bure. Neno lenu limetoka buchani. Katika Kifaransa cha kale macecle ni machinjio, na maceclier ni mchinjaji. Wawindaji wa Ufaransa hadi leo wanaita massacre zile pembe za kulungu zilizoachwa na kipande cha fuvu, wanazotundika ukutani kama picha ya harusi. Halafu neno likahamia kwa watu: mwaka 1572, Siku ya Mtakatifu Bartolomayo, Waprotestanti wakauawa Paris, na mpaka sasa Wafaransa wanaiita siku ile massacre. Binadamu ameingia humo kwa mlango wa nyama.

Sisi tunasema mauaji ya halaiki. Halaiki, asili yake Kiarabu, ni viumbe, umati wa watu. Watu wamo ndani ya neno lenyewe! Ninyi mmeliacha hilo, mmeokota la buchani, mkalibandika kwenye vikwembe.

Na redio zetu msijifiche. Timu ikifungwa mabao manne, "masakre uwanjani". Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa ya 2010 ina matukio 617 ya ukatili mkubwa katika nchi hii, kati ya 1993 na 2003. Isomeni kurasa chache tu, kisha mrudi kwenye maikrofoni mtangaze hizo bao nne.

Mwenye duka, andika BEI IMESHUKA. Rangi iliyobaki kwenye kopo itatosha.