Naomba ushauri: kwenye huu mchoro wa Leonardo, Yesu ni yupi?

Wakuu habari zenu, nina prezentesheni ya mchoro wa Leonardo da Vinci, Bikira Maria kwenye miamba, ule wa jumba la makumbusho la Louvre kule Paris, na nimekwama. Maria kamshika bega mtoto aliyepiga goti kama anasali, mwingine kakaa chini pembeni ya malaika kanyoosha vidole viwili anabariki. Mi nikajua aliye kwa mama ndo Yesu, ila nimecheki toleo la pili la mchoro huohuo, lililopo jumba la National Gallery London, huyo anayesali ana fimbo ya msalaba, si ndo alama ya Yohana Mbatizaji jamani?

Sasa kwa nini Maria amkumbatie mtoto wa mwenzie, wa kwake akae kwa malaika? Na kile kidole cha malaika kinachomwonyesha Yohana, mbona London hakipo, kina maana gani?