Mrejesho: ile pampu ya riflaksi iliyokuwa ikinguruma

Wakuu, niliuliza kwa nini pampu ya riflaksi (inayorudisha juu ya mnara sehemu ya kioevu kilichotokana na mvuke wake uliopozwa) kwenye mnara wetu wa kukeneka, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa kuchemsha, inanguruma kama imemeza kokoto. Wengi mlisema niiache pampu, nifuate bomba la kuingizia. Mlikuwa sahihi, na mimi nilishabadilisha impela (gurudumu la ndani linalosukuma kioevu) bure.

Kioevu cha kwenye tangi la riflaksi tayari kiko kwenye nukta ya kuchemka, kwa hiyo presha ya tangi haikusaidii kukizuia kisigeuke viputo vya mvuke kikiingia kwenye pampu; viputo hivyo vikipasuka ndipo pampu hunguruma. Ulinzi pekee ni kimo cha kioevu juu ya pampu, ukitoa msuguano wa bomba. Bomba letu lilipanda kuvuka njia ya watu ndipo likashuka, na mvuke ukajikusanya pale juu. Kiungo cha kupunguza kipenyo nacho kilifungwa upande bapa ukiwa chini, kwa hiyo mvuke ukanaswa upande wake wa juu!

Tumelipitisha upya, mteremko mmoja hadi kwenye pampu, bapa juu. Kelele kwisha. (Chujio lilikuwa limeziba nusu pia, ila hiyo ni aibu ya zamu yetu.)

Bado laini ya mtiririko wa kima cha chini (inayorudisha kioevu ili pampu isikose mtiririko wa kutosha) inarudi kwenye bomba la kuingizia. Tutaihamishia kwenye tangi mtambo ukizimwa.