Vidonge vya estrojeni na dozi ya levothairoksini: je, vinahusiana?

Mama Upendo, Morogoro

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 52. Mwaka 2014 niliondolewa tezi yote ya thairoidi kwa sababu ya rovu lililokuwa likinibana koo, na tangu hapo ninameza levothairoksini, dawa inayochukua nafasi ya homoni ya tezi hiyo, mikrogramu 100 kila asubuhi. Kwa miaka mingi kipimo changu cha TSH (homoni inayoiamuru tezi, ambayo hupanda homoni ya thairoidi ikipungua) hakikuvuka 2. Hedhi ilipokoma nilisumbuliwa mno na joto la ghafla na jasho la usiku, hata nikawa nabadilisha shuka mara mbili kabla ya kukucha, ndipo daktari wa magonjwa ya wanawake akaniandikia vidonge vya homoni za kike, yaani estrojeni pamoja na projesteroni. Jasho lilikwisha. Lakini sasa ni mwezi wa nne, nimechoka kupita kiasi, ngozi imekauka, choo kimekuwa kigumu, na wiki iliyopita TSH ilifika 9.8, ilhali maabara waliniambia kwamba T4 yangu ya jumla (kipimo cha homoni ya thairoidi yenyewe) ni nzuri. Sijaruka dozi hata siku moja. Je, vidonge hivi vipya ndivyo vilivyoleta haya, na je, niviache?

Mfamasia wa Tanga

Shikamoo mama, na pole sana. Usiviache kabla ya kuzungumza na daktari wako, ila shaka yako ina msingi.

Zaidi ya asilimia 99 ya homoni ya thairoidi iliyomo katika damu huwa imeshikwa na protini zinazoibeba, na ile chembe ndogo iliyo huru ndiyo inayoingia katika seli na kufanya kazi. Estrojeni inayomezwa hupitia kwenye ini kwanza, na huko husababisha protini kuu ya kubeba homoni hiyo iongezeke na kukaa katika damu kwa muda mrefu zaidi, hivyo homoni nyingi zaidi hushikwa na iliyo huru hupungua. Mwanamke mwenye tezi nzima hatambui lolote, kwa kuwa tezi yake huongeza uzalishaji mpaka pengo lizibe. Wewe, mama, huna tezi ya kuongeza chochote. Unachopata ni mikrogramu 100 tu za kidonge. Hata T4 ya jumla kuonekana nzuri hakushangazi, maana kipimo hicho hujumlisha iliyoshikwa na iliyo huru. Ulipaswa kupimwa T4 huru pamoja na TSH.

Mwaka 2001 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatilia wanawake walioanza kumeza estrojeni, wakiwemo 25 wenye upungufu wa homoni ya thairoidi, na ilionekana kwamba hao wenye upungufu waliweza kuhitaji dozi kubwa zaidi ya thairoksini (yaani levothairoksini), huku wenzao wenye tezi nzima wakibaki salama. Kwa hiyo daktari ana njia mbili: kuongeza levothairoksini na kurudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 8, au kukubadilishia estrojeni ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi, ambayo haipiti kwenye ini kwanza na kwa kawaida haiigusi sana protini hiyo.

Bi. Mwenye Subira, Mombasa

Dada yangu, mimi niliongezewa dozi kama alivyoeleza mfamasia, kwa kuwa vibandiko sikuvipata katika maduka ya dawa ya karibu nami. Yaliyoniumiza yalikuja baadaye. Nilipoacha estrojeni, hakuna aliyekumbuka kunipunguzia levothairoksini, nami sikujua kuuliza. Nikakaa miezi kadhaa moyo ukinienda mbio, mikono ikitetemeka na usingizi ukinikimbia, mpaka kipimo kilipoonyesha kwamba TSH imeshuka mno. Siku utakayoacha vidonge hivyo, omba upimwe tena kama ulivyopimwa baada ya kuvianza.

Nina swali pia. Hukuandikiwa kalisiamu kwa ajili ya mifupa? Wengi wetu wa umri huu hupewa, na ikimezwa pamoja na levothairoksini huizuia isifyonzwe vizuri tumboni.

Mama Upendo, Morogoro

Marahaba mwanangu, na ahsante sana dada yangu wa Mombasa. Ni kweli, kalisiamu niliandikiwa siku ileile, nami nikawa naimeza asubuhi pamoja na kidonge cha tezi ili nisisahau. Hakuna aliyenikataza. Leo nimerudi kwa daktari nikamweleza yote mawili. Ameniambia kalisiamu niihamishie jioni, levothairoksini ameipandisha hadi mikrogramu 125, na estrojeni niendelee nayo.

Mfamasia wa Tanga

Nimefurahi kusikia hivyo, mama. Kalisiamu na madini ya chuma vikae mbali na levothairoksini kwa saa 4 angalau, na kidonge cha tezi ukimeze kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Hata hivyo kipimo cha baada ya wiki 6 hadi 8 usikikose kabisa, kwa sababu mambo mawili yamebadilishwa kwa pamoja: ikiwa kalisiamu ndiyo iliyokuwa ikizuia sehemu kubwa ya dawa, mikrogramu 125 zinaweza kuwa nyingi kwako. Ukianza kusikia mapigo ya moyo yakikimbia au mikono ikitetemeka, nenda ukapimwe bila kusubiri tarehe hiyo.