Wauza mbegu za uyoga Dar, kwa nini hamsemi habari ya joto? Mifuko yangu 48 imeoza yote

Wakuu, nimekaa na hasira hii wiki tatu, leo naitoa.

Mwezi wa 12 nilihudhuria semina ya siku moja ya kilimo cha uyoga hapa Dar. Tulifundishwa kukatakata majani ya mpunga, kuyachemsha kwenye pipa, kuyapoza, kuyakamua mpaka yatoe matone machache tu mkononi, kisha kupanga tabaka la majani na tabaka la mbegu ndani ya mfuko. Hayo yalifundishwa vizuri, sina ugomvi nayo. Kuhusu mahali pa kuoteshea tuliambiwa hivi: "Chumba chochote kinafaa, hata stoo, mradi kiwe na giza." Niliiandika kwenye daftari na ipo mpaka leo. Siku nzima hakuna aliyetaja joto.

Nikanunua chupa 20 za mbegu ya mamama, ule uyoga ambao wengine huuita oyster, palepale. Chupa 4 alichukua dada yangu anayeishi Lushoto, 16 nikabaki nazo, nikapata mifuko 48. Chumba changu ni cha uani, matofali na bati, hakina dari. Nilipanda katikati ya Januari.

Wiki ya kwanza utando mweupe unaoota kutoka kwenye mbegu ulianza kutambaa vizuri, nikafurahi. Wiki ya tatu mifuko ikaanza kutoa jasho, ndani kukajikusanya maji ya manjano, na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya uchachu kama togwa iliyolala siku nne. Kisha ukaja ukungu wa kijani, kwanza kona moja ya mfuko, baada ya siku mbili mfuko mzima.

Nikapiga simu kwa aliyeniuzia. Akanijibu, "Mama, hukuzingatia usafi." Nikamweleza kwamba nilisugua sakafu kwa dawa, niliweka chokaa mlangoni, mikono niliipangusa kwa spiriti kila baada ya mfuko. Akarudia neno lilelile. Mara ya tatu hakupokea.

Ndipo nikanunua kipimajoto. Saa nane mchana, kwenye shelfu, kilisoma 37. Nikakichomeka katikati ya mfuko uliokuwa bado na weupe kidogo, kikapanda hadi 41. Nililia, kwa sababu nilielewa palepale. Utando unapokula majani nao unatoa joto lake, kwa hiyo ndani ya mfuko huwa kuna nyuzi kadhaa zaidi ya chumba. Utando wa mamama unataka nyuzi 25 hadi 28, ukikaribia 40 unakufa. Mimi nilikuwa naupika. Ukungu wa kijani unapenda kuvamia utando uliokwisha kudhoofika, na wangu ulidhoofishwa na bati.

Sasa sikilizeni ya Lushoto. Dada alipanda chupa zile 4, za siku ileile, kwa majani ya mpunga ya kiroba kilekile, na hana uzoefu wowote. Chumba chake kina sakafu ya udongo na asubuhi anavaa sweta. Amenitumia picha: vichaka vya uyoga wa kijivu, kofia pana kama kiganja cha mtu mzima. Ameshavuna mara mbili. Kwa hiyo mbegu ilikuwa nzima, na mafunzo ya kuchemsha na kupanda yalikuwa sawa. Kilichotofautiana ni joto tu, na hicho ndicho mlichokinyamazia.

Nilimwonesha picha hizo afisa ugani mmoja. Akaniambia mamama si mmoja. Upo wa baridi, ambao ili uzae unataka chumba kishuke chini ya nyuzi 20 hivi, na upo unaozaa vizuri kati ya 20 na 30. Kwa ile rangi na unene wa kofia, anaamini niliuziwa wa baridi. Dar mwezi wa kwanza na wa pili usiku hakushuki chini ya 24 au 25! Hata kama mifuko yangu ingepona, ingebaki myeupe inaniangalia bila kutoa hata kichwa kimoja. Mnawauzieje watu wa Mbagala na Gongo la Mboto mbegu ya milimani mkakaa kimya?

Na wale wenu wanaoshauri kutundika magunia mabichi ili chumba kipoe, jamani. Gunia bichi linapoza pale hewa ilipo kavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi. Dar hewa yenyewe imeshashiba unyevu, maji hayaondoki upesi, kwa hiyo joto linashuka nyuzi moja au mbili basi. Gunia linasaidia unyevu, na uyoga unapozaa unataka unyevu wa asilimia 80 hadi 90, sawa. Lakini msiliuze kama kiyoyozi. Na walioogopa joto wakaziba madirisha kwa turubai wamepata uyoga wenye miguu mirefu na kofia kama kifungo, maana hewa chafu haitoki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo. Ungeniambia subiri Juni, Dar inapopoa, ningesubiri. Ungeniambia weka dari, funika bati kwa makuti, tenganisha mifuko isibanane, ningefanya. Upo hata uyoga wa majani ya mpunga unaotaka nyuzi 30 na zaidi, huo ndio wa Pwani, japo haukai, lazima uuzwe siku hiyohiyo. Hakuna aliyeutaja. Badala yake mwalimu alitutamanisha uyoga wa vifungo wa kuuza hotelini, ambao unazaa kwenye nyuzi 16 hadi 18. Nani kati yetu ana chumba cha nyuzi 17 Dar?

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila chupa iandikwe aina ya uyoga, tarehe iliyotengenezwa, joto la kukuzia utando na joto la kuzalia. Maneno manne matano kwenye karatasi. Anayeuza mbegu na hajui joto lake aache kuuza.

Waliowahi kuvuna Dar kati ya Januari na Machi, naomba mseme mlitumia aina gani na kipimajoto kilisoma ngapi ndani ya mfuko, si chumbani. Wanaokuja kuniambia usafi, wasome upya habari ya Lushoto. Chupa zangu 16 tupu ninazo bado, na kila moja ina lebo yenye maneno matatu: Mbegu ya Uyoga.