Pikapu ya Baba Chebet inanguruma

Kikundi: Majirani wa Free Area, Nakuru

ALHAMISI JIONI

Baba Chebet: Habari za jioni majirani. Naomba anayejua magari anisaidie. Pikapu yangu inanguruma tangu nilipotoka Mau Narok juzi. Nikifika 40 inaanza mmmm, nikifika 80 redio siisikii. Jumamosi nina viazi vya kutoa shambani, na Jumanne namrudisha Chebet shule.

Mama Njeri: Pole sana. Ni hiyo iliyopita kwa geti asubuhi? Nilidhani ni lori.

Baba Chebet: Ndiyo hiyo, mama.

Mwalimu Wekesa: Angalia tairi kwanza. Yangu ilivuma mwezi mzima nikidhani ni difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, kumbe tairi za nyuma zimelika mabonde mabonde. Nilipozihamishia mbele, sauti nayo ikahamia mbele.

Baba Chebet: Nimezipapasa zote nne kwa kiganja, Mwalimu. Zimelika sawasawa, hakuna mabonde.

Fundi Ouma: Baba Chebet, ukiwa 60 ukanyage klachi, injini ikishuka, ule mngurumo unashuka nayo ama unabaki?

Baba Chebet: Unabaki. Unapungua tu gari ikipunguza mwendo.

Fundi Ouma: Basi injini tuiache. Nahisi ni beringi ya gurudumu, ile pete ya chuma inayofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi. Kesho tafuta mahali barabara ni pana na hakuna magari. Ukiwa 50 hivi, peleka usukani kushoto kidogo, halafu kulia kidogo, polepole. Uniambie sauti inapanda ukielekea wapi.

Baba Chebet: Mimi naisikia kushoto kabisa. Hata nimeshapigia duka la spea wanishikie beringi ya kushoto.

Fundi Ouma: Usinunue bado. Sauti ya beringi hupita kwa chuma chote cha gari. Dereva akiwa ndani husikia upande ambao siyo, na nimeona watu wakinunua mara mbili kwa sababu hiyo.

Mzee Kariuki: Msikilize fundi, kijana wangu. Mwaka wa El Niño, 1997, nilikuwa naendesha kanta nikitoa kabichi Molo. Ilinguruma wiki mbili nikasema nitaiona mwisho wa mwezi. Siku hiyo nikasikia harufu ya grisi inayoungua, kisha usukani ukanivuta. Niliposimama habu, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya moto hata mate yakichemka juu yake, na gurudumu limelala. Kilomita chache zaidi lingetoka. Nilikuwa na turniboi kando yangu, mtoto wa watu. Mpaka leo nikikumbuka nakosa usingizi.

Mama Chebet: Asante Mzee. Baba Chebet, hiyo gari haiendi Mau Narok.

IJUMAA

Baba Chebet: Fundi, nimejaribu. Nikipeleka kushoto inanguruma zaidi. Nikipeleka kulia inanyamaza karibu kabisa.

Fundi Ouma: Basi ni ya KULIA.

Nyambura: Samahani fundi, mbona kulia na yeye amepeleka kushoto?

Fundi Ouma: Swali zuri Nyambura. Ukiwa kwa matatu, ikikata kona ya kushoto, wewe unalalia upande gani? Kulia. Na gari ni hivyo hivyo, uzito wake unahamia magurudumu ya kulia. Beringi mbovu ikiongezewa uzito inalia zaidi, ikipunguziwa inatulia. Lakini hiyo ni dalili tu. Lazima tuinue tulione gurudumu lenyewe.

Fundi Ouma: Baba Chebet, jioni weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kulia kwa jeki, uweke na stendi ya chuma chini yake. Usitegemee jeki peke yake. Shika tairi saa 12 na saa 6, ulisukume na kulivuta.

Mama Chebet: Fundi, saa 12 ni wapi? Kwa saa yetu mshale ukiwa juu kabisa ni saa sita.

Fundi Ouma: Kweli mama, nimesema vibaya. Mkono mmoja JUU ya tairi, mwingine CHINI. Likicheza, wewe mama ukanyage breki naye alitikise tena. Mchezo ukiisha breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi. Ukibaki vile vile, ni boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Likicheza kwa mikono ya kushoto na kulia pekee, hapo ni mambo ya usukani.

Baba Chebet: Limecheza juu na chini, kwa-kwa-kwa. Mama amekanyaga breki, likatulia tuli.

Baba Chebet: Pia nimelizungusha. Linakwaruza kama kuna mchanga ndani. La kushoto linazunguka kimya.

Fundi Ouma: Hapo hakuna shaka tena. Kesho saa mbili nakuja na vyombo. Hiyo yako inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivyo mbele kila habu ina beringi mbili za roli (vipande vya chuma vinavyoviringika), ya ndani na ya nje. Tutabadilisha zote mbili pamoja na vikombe vyake, zile pete ambazo roli huzungukia ndani yake. Kikombe kikuukuu usikipe beringi mpya, kitaila. Na sili mpya, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie, na pini mpya ya kufungia nati. Ukifika dukani linganisha namba zilizochongwa kwa ubavu wa beringi na zile za kitabu cha gari, usikubali "hii inaingiana".

Mwalimu Wekesa: Na viazi?

Mama Njeri: Kanta ya ndugu yangu inapanda Mau Narok kesho ikiwa tupu. Ni magunia mangapi?

Baba Chebet: 18, ya kilo 50 kila moja. Mama Njeri, Mungu akubariki.

JUMAMOSI

Fundi Ouma: 📷 Oneni hii. Grisi imekuwa kama uji wa maziwa. Hayo ni maji. Roli zimeota kutu na kikombe kina vishimo.

Baba Chebet: Nilikuwa nasema ni mzigo wa viazi.

Fundi Ouma: Mzigo unakaa nyuma, hizi za mbele haukuziua. Ni yale matope ya Njoro na kuvuka madimbwi. Maji yaliingia kwa sababu sili ni ya zamani, mdomo wake umekauka na kupasuka. Ulifungua hii lini?

Baba Chebet: Mwaka jana, gereji moja huko mjini. Nililipia beringi NA sili. Risiti ninayo.

Fundi Ouma: Beringi waliweka. Sili walirudisha ile ile.

Mzee Kariuki: Hiyo ni kuuza maisha ya mtu. Sili ni kitu kidogo sana kwa bei.

Baba Chebet: Imeniuma, Mzee. Gari hiyo nabebea watoto.

Fundi Ouma: Kuanzia leo ukipeleka gari popote, omba upewe vya zamani mkononi. Sasa nimeosha habu kwa mafuta ya taa, nikaikausha. Vikombe vipya nimevipiga vikaingia nikiweka kile kikuukuu juu yake kama kinga, ili nyundo isiguse sehemu ya kuzungukia roli. Kalipa, ile inayobana pedi za breki, nimeifunga kwa waya, haining'inii kwa paipu ya breki. Nyambura uliyetaka kujifunza, njoo uone grisi inavyojazwa.

Nyambura: Nimekuja! 📷 Unaweka grisi kwa kiganja, unaisukuma beringi kwa ukingo mpaka grisi itokee upande wa juu katikati ya roli. Kupaka nje tu hakufai. Mikono yangu sasa 😄

Mama Chebet: Chai iko tayari, na viazi vya kuchemsha.

Fundi Ouma: Nati ndiyo nyeti. Nimeikaza huku nazungusha habu ili roli zikae, nikailegeza, kisha nikaikaza tena kidogo sana. Ukiibana mno beringi inaungua, ukiilegeza mno gurudumu linacheza. Pini mpya imeingia. Baba Chebet, pampu breki mara kadhaa kabla ya kutoka, pedi zilirudi nyuma.

Baba Chebet: Na ya kushoto?

Fundi Ouma: Nimeifungua pia. Beringi ni nzima, lakini sili ni ya umri ule ule. Nimeweka mpya na grisi mpya.

JUMAMOSI JIONI

Baba Chebet: Nimeenda Njoro na kurudi. Kimya. Nimesimama nikagusa habu zote mbili, joto ni sawa.

Mama Njeri: Umerudi saa ngapi? Sijasikia ukipita. Viazi vimefika, 18 kamili, viko kwangu.

Fundi Ouma: Jumatatu jioni ilete nikaze nati za gurudumu na kuangalia kama kuna mchezo, kabla ya safari ya shule.

Baba Chebet: Nitaleta. Ile beringi ya zamani usiitupe fundi, Chebet anataka kuiona.

Fundi Ouma: Iko kwa dirisha la jikoni kwenu, nimeifunga kwa gazeti.