Roboti ya mishipa ya ubongo: daktari anabakiwa na kazi gani?

Spana12: Wakuu, kuna aneurizimu ya ubongo (uvimbe kwenye ukuta wa mshipa wa damu) iliyozibwa kwa roboti huko hospitali ya Toronto Western, Kanada, mwaka 2019. Mashine ile inafanya nini hasa, na mkono wa mtu unafanya nini?

Mrija014: Ile ni CorPath GRX. Kwa kawaida kutoboa ateri ya paja, kuweka shithi (ala ya kupitishia vifaa) na kupandisha katheta kubwa (mrija laini) hadi shingoni ni kazi ya mkono. Kisha katheta ndogo na waya wa inchi 0.014 (kama milimita 0.36) vinalazwa kwenye kaseti tasa iliyofungwa kwenye mkono wa roboti kando ya kitanda. Daktari anakaa nyuma ya kinga ya mionzi, hana haja ya aproni ya risasi, anasukuma, anavuta na kuzungusha kwa vijiti. Kwenye skrini anaweza pia kusogeza milimita 1 kwa mguso mmoja. Mkono wa binadamu hauna utulivu huo.

Spana12: Basi hatari iko wapi, mkuu?

Mrija014: Kwenye hisia za vidole. Ukisukuma katheta sentimita 1 penye kona na ncha isisogee, msukumo haujapotea. Katheta imejikunja huko chini. Ikijiachia, ncha inaruka mbele na inaweza kutoboa aneurizimu. Kwa mkono ungehisi ukinzani, hapa unategemea macho kwenye picha ya eksirei. Ncha ikigoma, usiongeze nguvu: rudisha nyuma taratibu mpaka iitike, ndipo uendelee.

NesiAngio: Na msimsahau msaidizi anayesimama kando ya kitanda! Ndiye anayebadilisha koili (nyuzi za metali za kuziba aneurizimu) na kulinda mfuko wa presha wa salaini, yaani maji ya chumvi yanayopitishwa kwenye katheta. Kiputo cha hewa kikiingia karotidi, ateri kubwa ya shingoni, kinakwenda moja kwa moja ubongoni. Katheta ya koili ina alama mbili, sentimita 3 kati yake. Alama ya waya wa koili ikikutana na ile ya nyuma, zikafanya umbo la T, koili imetoka yote. Hapo ndipo inaachiwa, si kabla. Damu ikivuja, kaseti inafunguliwa na kazi inarudi mkononi papo hapo.

Spana12: Ile roboti ya sumaku ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, je?

Mrija014: Hiyo ni njia nyingine: ncha ya waya ina chembe za sumaku, inapindwa na sumaku kubwa iliyoshikwa na mkono wa roboti nje ya kichwa. Majaribio ya 2022 yalikuwa kwenye modeli ya mishipa na kwa nguruwe. Wazo lao ni kutoa bonge la damu kwa mgonjwa wa kiharusi aliye mbali, ila hata hapo lazima awepo mtu hospitalini wa kutoboa ateri.